Swichi ya Karibu

Kadi ya kuongeza kasi ilikuwa inapunguza kasi. Hilo lilimkera Fundi tangu asubuhi, na Fundi alikuwa mtu wa kukereka kwa mambo madogo. Makubwa alimwachia mkewe.

Kompyuta yenyewe ilikuwa kuukuu, ya rangi ya meno ya mvuta tumbaku. Aliileta Mwalimu, mstaafu wa mtaa wa pili, aliyeirithi kwa kaka yake. Marehemu alikuwa ameichomekea kadi ya kuiharakisha, yenye ubongo wake na kumbukumbu yake. Fundi akaipima kwa hesabu moja. Bila kadi, sekunde arobaini. Kwa kadi, dakika mbili! Kila mstari ulingoja sekunde nne kamili, kisha ndani ya kasha kitu kikagonga, ko, ko, ndipo mstari ukatokea kwenye skrini.

"Chiriku," alimwita mkewe, "umewahi kuona kitu—"

"Abee! Sijaona na sina haja ya kuona, we mzee, nina gauni la watu hapa!"

Mkewe alishona chumba cha mbele, na cherehani yake na mdomo wake vilishindana mbio. Hakuna swali alilowahi kuliacha limalizike. Fundi alizoea kumtania kwamba siku moja atamfungua aone amechomekewa kadi gani. Miaka kumi na tisa ya kelele ile, na bila hiyo hakuweza hata kushika bisibisi vizuri.

Alisugua miguu ya kadi kwa ufutio. Akabadilisha waya za umeme. Wapi! Kila mara kitu kile kilipogonga, alisikia harufu ya jivu lililomwagiwa maji, akakagua kama kuna kilichoungua, asione kitu. Mwishowe, pembeni mwa kadi, akagundua uvimbe wa tepu nyeusi. Akaikata kwa wembe, tabaka baada ya tabaka, akahesabu saba. Chini yake kulikuwa na swichi ndogo, na pande zake mbili marehemu alikuwa amekwaruza maneno kwa sindano: MBALI, KARIBU. Swichi ilikuwa upande wa MBALI.

Fundi alicheka peke yake. Kumbe kadi ilikuwa na kumbukumbu yake pale pale, lakini imeamriwa ikachukue kila kitu kwenye ile ya mbali, ya kompyuta yenyewe, kama mtu mwenye chumvi mezani anayekwenda kuiomba kwa jirani kila tonge. Uzembe gani huu!

Ilikuwa saa saba mchana, jua limesimama dirishani. Akaweka ncha ya bisibisi kwenye swichi.

"Hodi," sauti ikasema.

Ilikuwa ya chini, ya mtu mstaarabu. Fundi, macho kwenye yale maneno, akasukuma swichi na kusoma kwa sauti:

"Karibu."

Baadaye alijiuliza mara nyingi kama alikuwa akisoma au akiitikia.

Hesabu ilikwisha kwa sekunde tisa. Hakuna kilichogonga. Fundi akapiga meza kwa furaha. "Chiriku! Njoo uone maajabu!"

Cherehani ilikuwa imenyamaza. Moja. Mbili. Tatu. Nne.

"Abee," mkewe akasema.

Akaja mlangoni polepole, akasimama, na harufu ya jivu bichi ikaingia pamoja naye.

"Una nini?"

Moja, mbili, tatu, nne.

"Sina kitu, mume wangu."

Hakuwahi kumwita hivyo tangu siku ya harusi.

Mwalimu alikuja jioni kuchukua kompyuta yake. Alipoiona tepu sakafuni, alikaa chini bila kukaribishwa.

"Umeitoa?" alinong'ona.

"Ndiyo iliyokuwa ikiichelewesha."

"Kaka aliniambia kuna mtu humo anabisha. Akiwa mbali atabisha tu, alisema, lakini msimjibu. Nikadhani ni homa inasema. Fundi, nisamehe, nilidhani ni homa."

"Polepole, atasikia."

"Nani?"

Fundi alielekeza kidevu chumba cha mbele. Walirudisha swichi MBALI, wakaizungushia tepu, wakapima. Sekunde tisa. Kasha lilikuwa tupu, aliyebisha hakuwamo tena.

Siku ya pili mkewe alikaa kwenye kigoda akitazama ukuta, akijibu kila kitu kwa adabu baada ya sekunde nne. Siku ya tatu, asubuhi, Fundi alishindwa kuvumilia. Alijiambia labda kazi itamrudisha, akamketisha kwenye cherehani, akamwekea lile gauni mikononi na kumbembeleza: "Haya mama, shona. Shona kidogo tu, kama zamani." Mkewe aliutazama mguu wa cherehani kama mtu anayeonyeshwa kazi mpya, kisha akatabasamu.

Mganga aliyeitwa na Mwalimu alifika mchana. Alikuwa mama mfupi mwenye haraka zake. Alinusa mlangoni, akakataa kuvuka kizingiti.

"Aliyekaribishwa hafukuzwi," alimwambia Fundi kwa sauti ya chini. "Huagwa. Na aliyesema karibu ndiye aseme kwaheri. Nenda sasa hivi, baba, wahi angali mgeni."

Fundi akaenda, na hatua tano za ukumbi ule alizozipita kila siku bila kuzihesabu zilikuwa ndefu kupita umri wake, maana cherehani ilikuwa ikinguruma humo ndani kwa kasi ambayo mguu wa binadamu hauwezi, na harufu ya jivu ilikuwa nzito hata ulimi ukaionja, na alimwona mkewe ameinama vilevile alivyomwona akiinama miaka kumi na tisa, shingo ileile, kanga ileile begani, na akampenda kwa uchungu kiasi kwamba neno lenyewe alilitoa vipande vipande.

"Kwaheri, mgeni."

Cherehani ikasimama. Safari hii hakukuwa na sekunde nne. Jibu lilikuja kabla hajafunga mdomo, haraka kama zamani, na moyo wake ukaruka kwa furaha kabla hajaitambua sauti. Ilikuwa ya chini, ya mtu mstaarabu.

"Mgeni nani, mume wangu? Mgeni ni siku mbili. Leo ya tatu, na jembe umenipa mwenyewe asubuhi."

Kisha akaendelea kushona.