Mawe Mpaka Mlangoni

Siku hiyo ya mwaka 1956, soko la Mbeya lilikuwa tope tupu. Benedicta, binti wa Kihehe aliyekuwa akishona nguo kwenye baraza la duka moja, alikuwa akivuka barabara na gauni lake jipya la maua ya bluu, mkokoteni wa mawe ukapita na kumrushia tope toka kiunoni hadi miguuni.

"We kaka! Huna macho?"

"Ninayo, dada. Yalikuwa yanakutazama wewe, tope yakalisahau."

Alitaka kukasirika, akajikuta anacheka. Kijana mwenyewe aliitwa Asukile, fundi mwashi kutoka Rungwe, mwenye mabega mapana na sauti ya upole.

"Mawe yote haya unampelekea nani?"

"Napamba uwanja wa mbele kwangu. Natengeneza njia toka kwenye geti hadi mlangoni. Amebaki mtu wa kuipita tu."

Tangu hapo, kila Jumapili baada ya ibada, yeye akitoka kwa Wakatoliki na mwenzake kwa Wamoraviani, Benedicta alikwenda kumchagulia mawe. Asukile alivuta kamba, akamwaga mchanga, akayalaza moja moja, jeusi kwa jeupe, akiyagonga kwa mpini wa nyundo mpaka yatulie.

"Hili limepinda, fundi."

"Kama shingo yako ukinuna, mpenzi. Liache hapo hapo."

"Na ukimaliza je?"

"Njia ikifika mlangoni, nakwenda Iringa kwa baba yako, mzee Kalinga, kukuposa."

Benedicta akaenda kwao kumwandaa baba yake. Aliporudi Mbeya manyunyu yalikuwa yakidondoka, na njia ilikuwa imekwisha kufika mlangoni. Mwanamke mjamzito alikuwa amepiga magoti, anasugua mawe.

"Karibu, dada. Mimi Damari. Mume wangu katoka, anarudi sasa hivi."

Benedicta aligeuka pale pale. Alirudi Iringa kwa basi lililofuata.

Asukile aliulizia mpaka akajua duka la Iringa ambako Benedicta alipata kazi ya kushona. Siku moja simu ikalia pale dukani.

"Benedicta, mpenzi wangu, nisikilize..."

"Nimemwona mkeo, Asukile. Anasugua vizuri."

"Damari si mke wangu! Ni..."

Benedicta akaweka simu chini. Ilipolia tena, alimwomba mwenye duka aseme hayupo.

Masika yakapita, baridi ya Juni ikaingia. Ndipo shangazi yake, Verediana, alipotoka Mbeya na habari.

"Mwanangu, yule Damari ni mjane. Mumewe, kaka yake Asukile, alifukiwa na kifusi mgodini Makongolosi, naye akakimbilia kwa shemejiye. Kwao Rungwe mke humwita kaka wa mumewe 'mume wangu', ni heshima tu. Wazee walitaka Asukile amrithi, akakataa kwa ajili yako."

Kesho yake Benedicta alipanda basi hata chai hajanywa.

Alimkuta Asukile uwanjani mbele ya nyumba, amekonda. Ndani mtoto mchanga alikuwa akilia.

"Nisamehe, Asukile. Nimerudi."

Asukile akatupa jicho mlangoni. "Ulipokata simu, nilikosa la kuwaambia wazee. Tumeshatangazwa ndoa kanisani, Benedicta. Damari hana pengine pa kwenda."

"Unampenda?"

"Usiniulize hilo. Mtoto ameanza kuijua sauti yangu."

"Mwambie ulikosea! Mwambie nimerudi!"

"Nimfanye afiwe na mume mara ya pili?"

Damari akatoka kumkaribisha Benedicta chai; yeye akashukuru, akakataa. Asukile alimbebea mfuko hadi kituoni, wakiongea habari za mvua na mavuno kama watu wanaofahamiana kwa mbali. Basi lilipowashwa, Asukile alimshika mkono, kisha akauachia.

Basi likateremka kuelekea uwanda wa Usangu. Mama mmoja aliyekaa naye, kuku mapajani, alimwangalia kwa muda mrefu.

"Pole, mwanangu. Umefiwa?"

"Hapana, mama," alisema Benedicta. "Yuko hai. Yuko hai, mzima kabisa."

Ndipo machozi yakamtoka, na yule mama akamvutia begani kwake.