Gauni la Mama Pindo

Mtaani kwetu, ukitaka nguo ikukae vizuri, unakwenda kwa Mama Pindo. Una kitambi? Atakificha. Bega lako moja liko chini? Atalipandisha kwa pamba. Mapindo yake yamenyooka kama yamepigwa rula, na ndiyo asili ya jina lake.

Lakini fundi huyu alikuwa na siri, na siri yenyewe ilikuwa mgongoni mwake. Uti wa mgongo wake ulikuwa ukipinda polepole, mwaka baada ya mwaka. Bega la kulia lilipanda. Kiuno kiliegemea upande. Alipojiona kwenye kioo, je, alikwenda hospitali? Wapi! Alikwenda kwenye cherehani. Alitia pamba kwenye bega la kushoto la gauni lake, akarefusha pindo upande wa kulia. Alipopita njiani hakuna aliyejua. Hata mimi, na umbea wangu wote, sikujua.

Mumewe alijua. Yeye ni seremala, na karakana yake iko nyuma ya nyumba.

"Mbao ikipinda, unaigandamiza," alisema. "Lala chini, mke wangu, nikunyooshe."

Mama Pindo alilala kifudifudi sakafuni. Mumewe aliweka ubao juu ya mgongo wake, kisha akaupanda kwa miguu yote miwili. Alifanya hivyo kwa mapenzi. Lakini mapenzi peke yake si dawa, jamani. Kila alipomkanyaga, maumivu yalizidi.

Asubuhi moja Mama Pindo alikuwa akishona, mara cherehani ikasimama. Akatazama chini. Kandambili ilikuwa imemtoka mguuni, naye hana habari. Mguu wake wa kulia ulikuwa juu ya pedali, lakini hakuusikia. Aliogopa mno. Bila mguu ule hakuna cherehani, na tangu usichana wake hakujua kazi nyingine.

"Usimwambie mtu," alimsihi mumewe. "Wakijua nina kibiongo, nani ataniletea kitambaa?"

Siku hiyo hiyo jirani yao alikuja kuchukua sare yake. Jirani huyu anafanya kazi hospitali. Yeye huwafundisha wagonjwa mazoezi ya viungo. Alipokuwa akisubiri, aliona gauni la kijani limetundikwa ukutani kwenye henga. Bega moja lilikuwa limevimba, na pindo limekwenda mshazari.

"Haya makubwa!" alicheka. "Leo Mama Pindo amekosea? Nani atavaa hili?"

Jirani alilitazama gauni, kisha akamtazama fundi. Kicheko kikamkauka mdomoni.

"Ni lako, dada?"

"Ni langu," alisema Mama Pindo, na machozi yakamtoka. Akamweleza yote, hata habari za mguu.

"Mguu una nguvu?" jirani aliuliza.

"Nguvu mguu unazo. Ni ganzi tu."

"Na haja ndogo unaweza kuizuia?"

"Naizuia."

"Afadhali. Siku ukishindwa kuizuia, au mguu ukilegea, usingoje kukuche. Nenda hospitali saa hiyo hiyo. Lakini hata hivi ulivyo, kesho twende ukaonwe na daktari."

Seremala alikuwa amesimama mlangoni. "Mimi huwa namnyoosha kwa ubao," alisema.

"Toba! Shemeji, mgongo si mbao! Ndani yake mna mishipa ya fahamu inayokwenda miguuni. Ukiukanyaga unaweza kuvunja pingili, na mtu akapooza."

Seremala aliketi kwenye kigoda. Aliitazama miguu yake kwa muda mrefu. "Nimemuumiza mke wangu kwa miguu hii," alisema.

Hospitalini, daktari alimpima Mama Pindo nguvu za miguu. Alimpiga picha ya eksirei, akapima pia kama mifupa yake imedhoofika. Kisha akamketisha pamoja na mumewe.

"Sitakudanganya, mama," alisema. "Kwa mtu mzima, mazoezi hayaunyooshi mgongo uliopinda hivi. Hata mkanda wa kuufunga mgongo hauunyooshi. Lakini tunaweza kupunguza maumivu, kuimarisha misuli na kuilinda mishipa."

"Hamtanipasua?"

"Si kila mtu anapasuliwa. Operesheni ni kubwa na ina hatari zake. Tutaifikiria kama mishipa itazidi kubanwa, au maumivu yakikataa tiba nyingine. Sasa tunaanza na dawa na mazoezi, nasi tutakufuatilia."

"Kwa hiyo nitabaki hivi?"

"Utabaki na mgongo wako. Tunataka ubaki na miguu yako pia."

Kazi ikaanza. Jirani alimfundisha mazoezi ya mgongo na tumbo. Mwanzoni Mama Pindo alilia. Seremala aliuchukua ule ubao aliokuwa akiukanyagia, akautumia kutengeneza kiti chenye mgongo. Akainua na meza ya cherehani, mkewe asiiname. Mama Pindo alijizoeza kusimama na kutembea kidogo kati ya nguo moja na nyingine. Haba na haba, ganzi ikapungua. Siku moja alivua kandambili, akagusa pedali kwa unyayo.

"Baridi!" alipiga kelele. "Baba watoto, nasikia baridi!" Seremala alilia waziwazi.

Kisha Mama Pindo alilifumua gauni la kijani. Akatoa pamba yote, akalikata upya kufuata mwili wake ulivyo. Alipolivaa, bega moja lilikuwa juu, na kila mtu aliweza kuliona.

"Hutii pamba?" mumewe aliuliza.

"Pamba nimeikalia," alijibu, akionyesha mto mpya kwenye kiti chake.

Asubuhi iliyofuata alikuja mwalimu mmoja, mteja wa siku nyingi. Yeye hupenda blauzi pana, na kila mara huagiza pamba kwenye bega moja. Alimkodolea macho Mama Pindo.

"Tazama tu, mwanangu," alisema Mama Pindo. "Mgongo wangu umepinda. Natibiwa."

Mwalimu alifunga mlango, akageuka, akapandisha blauzi yake mgongoni. "Mama," alinong'ona, "na wangu je?"

Mama Pindo alikuwa tayari ameshika tepu ya kupimia. Aliiweka chini, akamshika mkono.

"Leo sikupimi nguo," alisema. "Twende kwa jirani."