Aliyegonga Chumba cha Milio

Fundi mitambo alirudisha rekodi nyuma mara ya tatu, akamtazama Shangazi kupitia kioo, kisha akabonyeza kitufe cha kuongea.

"Shangazi, njoo usikilize mwenyewe. Labda ni mimi nimechoka."

Ilikuwa saa nne asubuhi. Jina halisi la Shangazi lilikuwa limesahaulika. Kwa miaka kumi na minne yeye ndiye aliyekuwa Shangazi katika mchezo wa redio wa kila Alhamisi, yule mama mkweli anayeamua ugomvi wa ukoo mzima, na sokoni wauzaji wakiisikia sauti yake walipunguza bei kabla hajaomba. Mwenzake aliyeigiza Mjomba Kinyonga, mwongo wa ukoo, alikuwa mpole asiyeweza kudanganya hata umri wake, lakini njiani watu walimzomea.

Shangazi aliingia chumba cha mitambo, akasikiliza. "Wanangu, nisikilizeni," ilisema sauti yake kwenye spika. Kisha, pale alipokuwa ametamka "naapa sikujua lolote," hapakuwa na maneno. Palikuwa na ngo, ngo, ngo, kama mtu anayepiga ubao kwa kiganja.

"Ni maikrofoni hiyo," alisema haraka.

"Nimeshabadilisha mbili. Na hii harufu je? Huisikii?"

Aliisikia. Ilikuwa harufu ya dawa ya kuchua kifua, na pale studioni hakuna aliyekuwa akijipaka dawa ile tangu Babu Milio afariki.

Babu Milio ndiye aliyekuwa akitengeneza sauti za mchezo: hatua za miguu, mvua, vikombe, milango. Alikuwa na pumu. Miezi minane nyuma, mchana, wengine wakiwa wamekwenda kula, alikutwa amekufa ndani ya chumba cha milio, chumba kidogo kilichofungukia studioni, kuta zake zimevikwa sponji mpaka darini. Mlango ulikuwa umefungwa kwa nje. Ufunguo ulikutwa kwenye msumari ambao mama wa usafi alitundikia vitu vyake, na Shangazi alisema kwamba alimwona kwa macho yake akifunga. Nani angebishana na sauti ile? Mama wa usafi alilala mahabusu siku kumi na moja, na alipotoka hakupata tena pa kusafisha.

Asubuhi iliyofuata, mezani, mume wa Shangazi alimuuliza, "Mke wangu, umelala?"

Alifungua mdomo kusema amelala vizuri. Kilichotoka ni ngo, ngo, ngo.

Mumewe aliweka kikombe chini. "Nani tena saa hizi?" Akaenda kufungua mlango, akachungulia kushoto na kulia, akarudi akitikisa kichwa. "Watoto wa jirani hawa. Mbona umeshika koo?"

"Naogopa," alisema, na neno hilo likatoka safi kabisa.

"Unaogopa nini?"

Alitaka kusema hakuna kitu. Ngo, ngo, ngo. Safari hii mumewe hakwenda mlangoni. Alisimama nyuma ya kiti chake, amekishika kwa mikono miwili, akimwangalia mkewe mdomoni.

Siku nne aliishi hivyo. La kweli lilipita, la uongo liligonga, na ndipo alipogundua mtu husema mangapi yasiyo kweli tangu aamke: sijambo, nimeshiba, nakuja sasa hivi. Akaacha kupokea simu. Akaacha kwenda dukani. Hata alipokaa kimya alikihisi kile kitu kimejibana nyuma ya mfupa wa kifua, kinasubiri, kama mtu aliyeegemeza sikio mlangoni.

Siku ya kurekodi sehemu ya mwisho, ambayo ndani yake Shangazi alikuwa amhukumu Mjomba Kinyonga mbele ya ukoo, fundi mitambo alimleta mkwe wake, mama mtu mzima anayetibu watu wenye majini. Aliketi nyuma ya kioo, mkoba mapajani, bila kusalimia.

Shangazi na Kinyonga waliingia. Mlango mzito wa studio ulijifunga nyuma yao kwa mlio laini.

"Mbona joto?" aliuliza Kinyonga. Akashika kitasa. Kilizunguka, kikazunguka tena, bila kushika kitu. "Fundi, hebu tufungulie."

Kule nje fundi alikuwa tayari anavuta kwa nguvu zake zote. Mlango haukutikisika.

Ndipo kugonga kulipoanza ndani ya chumba cha milio, taratibu kwanza, kama seremala anayejaribu ubao, kisha kukaongezeka, kukahama kutoka mlangoni kwenda ukutani na kutoka ukutani kwenda chini ya zulia, hata miguu yao ikawa inakuhisi kabla ya masikio, na ile harufu ya dawa ikajaa, ikawa nzito, ikawaingia puani na machoni, na hewa yenyewe ikaanza kupungua kidogo kidogo, mpaka Kinyonga akapiga magoti, mdomo wazi, kifua kikilia kama filimbi mbovu, yeye ambaye hakuwahi kuugua pumu maishani mwake.

"Ni marehemu?" alinong'ona Shangazi.

Sauti ya yule mtabibu ilitoka kwenye spika, tulivu. "Marehemu amepumzika, mwache. Huyo ni jini, mwenyeji wa chumba kisichorudisha sauti. Alisikia mtu akigonga mpaka akaacha, akajifunza. Kisha akakusikia wewe ukieleza. Anataka lile neno lako ulirudie sawasawa."

"Nilifunga mlango kwa bahati mbaya..." Lakini hakuna aliyesikia hilo. Ngo, ngo, ngo! Meno yake yaligongana kwa kishindo.

Kinyonga alimshika mguu. Midomo yake ilikuwa imeanza kuwa ya kijivu. "Shangazi... nina watoto mimi. Chochote ulichofanya... sema."

"Nilifunga mimi," alisema.

Kugonga kukakoma. Ukimya uliofuata ulikuwa mbaya zaidi, maana ulikuwa unasikiliza.

"Alikuwa akifanya mazoezi ya milio ya milango, na mimi nasoma kurasa zangu. Alinichosha. Nikamfungia ili nipate kusoma. Sikujua kama..." Ngo! Akajishika koo. "Nilijua. Alipogonga nilijua si mazoezi. Kugonga kwake kwa kazi nilikuzoea, na kule kulikuwa kwingine. Niliona aibu kumfungulia. Nikasema moyoni, nimalize ukurasa huu. Nikaumaliza. Nikasoma na wa pili. Aliponyamaza, nilifurahi. Halafu nikaenda kula. Niliporudi na kumkuta amekufa, nikafunga tena, nikautundika ufunguo kwenye msumari wa yule mama."

"Fungua mdomo," aliamuru mtabibu. "Usiuzuie."

Pumzi ndefu ilimtoka, ya baridi, isiyokuwa yake, ikaendelea kutoka muda mrefu kuliko mapafu ya mtu yanavyoweza kubeba. Kitasa kikazunguka peke yake. Hewa ya ukumbini ikaingia, na Kinyonga akaivuta huku akilia.

"Ametoka," alisema mtabibu, akifunga mkoba wake. "Ng'oeni hayo masponji. Mlango wa kile chumba usifungwe tena."

Fundi mitambo alikuwa ameinamia vitufe vyake. "Mashine ilikuwa inarekodi," alisema bila kuinua uso. "Nifute?"

"Usifute," alisema Shangazi.

Jioni ile, kabla ya kwenda kwa mkuu wa kituo na kabla ya polisi, alikwenda kwanza kwa mama wa usafi, aliyekuwa akiishi chumba cha uani kwa kaka yake. Alimkuta anakunja nguo. Yule mama alifurahi, akamfutia kiti. Shangazi hakukaa. Alipiga magoti sakafuni, akasema yote, na maneno yakapita moja moja, safi.

Mama wa usafi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwekea mkono begani.

"Pole, dada yangu. Lakini mimi nakumbuka."

"Unakumbuka nini?"

"Mwanzo nilikataa. Halafu nikajiuliza, kwa nini Shangazi aseme jambo ambalo halikuwepo? Nikakaa nalo mahabusu, nikalitafuta, mpaka likaja. Ndoo ilikuwa mkono wa kushoto. Ufunguo ulikuwa mgumu, nikausukuma kwa kiganja. Babu aliniita, nikamwambia nakuja."

"Hukuwepo!" alilia Shangazi. "Ulikuwa uani unaanika matambara! Nilikuona kwa dirisha!"

"Kila nikifumba macho nauzungusha," alisema yule mama kwa upole. "Hata sasa nausikia hapa mkononi."

Shangazi alianza upya. Alisema kurasa, alisema msumari, alisema kufurahi kwake, yote kweli tupu, na mama wa usafi aliendelea kumsikiliza kama watu walivyomsikiliza siku zote, akimpangusa machozi kwa ncha ya shuka.

"Una moyo mzuri sana," akamwambia. "Lakini usijisingizie."