Sufuria ya Uyoga wa Ugenini

Mimun na mkewe Yamna ni watu wa kijiji kimoja karibu na Nador, kaskazini mwa Moroko. Mimun ana mizeituni na mbuzi wachache. Yamna huoka mkate kila asubuhi. Mimi ni mwalimu wa darasa la jioni la wanawake hapo kijijini, na Yamna ni mwanafunzi wangu. Habari hii amenisimulia mwenyewe. Aliniambia, "Iandike, mwalimu. Na jina langu uliweke." Nimeliweka.

Mtoto wao ni mmoja tu, Fikri. Anaishi Ujerumani, katika mji mdogo karibu na Dusseldorf. Mkewe ni Siham, binti wa watu wetu aliyezaliwa hukohuko. Wana binti wa miaka sita, Tiziri. Kila kiangazi Fikri alikuwa akija kwetu, gari limejaa mizigo mpaka juu ya paa, kama wanavyokuja wenzake wote. Mwaka jana akasema, "Safari hii njooni nyinyi, mpumzike." Akawashughulikia viza, akawakatia bima ya safari, akawatumia tiketi.

Hawakuwahi kupanda ndege. Yamna alifunga mafuta ya zeituni, lozi, tini kavu na mikate kumi, utadhani Ujerumani hakuna unga. Ndani ya ndege Mimun alikaa wima kama yuko mbele ya kadhi. Midomo ilimkauka.

"Omba maji, Baba Fikri," Yamna alimwambia.

"Nisimsumbue binti wa watu. Ana kazi yake."

"Kazi yake ndiyo hiyo ya kukupa maji."

"Nitakunywa tukifika."

Akafika na kiu yake. Yamna alishamzoea. Huyu ni mtu ambaye jino likimuuma, wa kwanza kujua ni mswaki. Wanaume wengi kwetu wamelelewa hivyo, na mwanamume akiwa mgeni ndiyo zaidi. Tunafundishwa kwamba mgeni mwema hali sana, haombi kitu, wala haumwi. Mimi sina ugomvi na adabu. Lakini nisomeni mpaka mwisho.

Siku ya kwanza walilala na kula. Siku ya pili Fikri aliwatembeza mjini. Mimun alishangaa jinsi magari yanavyowasubiri watu wavuke. Tiziri alimshika babu yake mkono siku nzima, akimfundisha majina ya vitu. Mzee alikuwa na furaha ambayo Yamna hakuwa ameiona usoni mwake kwa miaka mingi.

Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimun hakungoja kupewa. Siku ya tatu ilikuwa Jumamosi, na Fikri na Siham walikwenda kazini. Mimun akasema, "Tunakula tu bure. Leo nitawapikia mimi." Akamchukua mkewe na mjukuu wake, wakaenda kwenye msitu ulio nyuma ya nyumba. Mvua ilikuwa imenyesha juma zima. Chini ya mwaloni mmoja mkubwa akasimama.

"Yamna, njoo uone. Uyoga wa kwetu huu."

Ulikuwa uyoga mzuri. Kofia yake ilikuwa ya rangi ya kijani kilichofifia, laini, na shina lake lilikuwa jeupe. Mimun ameokota uyoga mlimani kwetu tangu utotoni. Kila mvua ya kwanza ikinyesha yumo huko na kikapu chake.

"Una hakika?" Yamna aliuliza. "Huku si kwetu."

"Mwaloni ni mwaloni, na mvua ni mvua. Nani kijijini anaujua uyoga kuliko mimi?"

Yamna akainama kuokota naye, kwa sababu kweli hakuna anayeujua kama yeye.

Nyumbani Mimun aliuchemsha kwanza pamoja na punje ya kitunguu saumu. Hiki ndicho kipimo alichorithi kwa mama yake: kitunguu kikigeuka cheusi, uyoga una sumu, kikibaki cheupe, kula. Kitunguu kilibaki cheupe. Akamwaga maji, akakaanga uyoga kwa mafuta ya zeituni na mayai. Yamna hakula. Alikuwa amefunga, analipa siku zake za Ramadhani. Mimun alikula sahani nzima. Tiziri alikula vijiko vichache, akalamba na kidole.

"Tamu, babu."

"Bado hujala vya Nador," alisema mzee. Walikusudia kuwabakishia Fikri na Siham, lakini waliporudi jioni sufuria ilikuwa tupu, na hakuna aliyewatajia uyoga.

Jumapili kabla ya alfajiri tumbo lilimshika Mimun. Alitapika, akaharisha, akatapika tena. Kila alipoingia chooni alifungua bomba la maji ili asisikike. Yamna alimshika mkono, akaona umelowa jasho baridi.

"Nimwamshe Fikri."

"Usimwamshe mtu. Hata siku nne hatujafikisha katika nyumba ya watu."

"Nyumba ya mwanao."

"Ya mwanangu na ya mkewe. Ni uchovu wa safari. Utapita."

Kulipopambazuka wakasikia sauti chumba cha pili. Tiziri naye alikuwa anatapika. Siham alimpangusa uso, akamwambia Yamna pale mlangoni, "Ni tumbo la shuleni kwao, mama. Nusu ya darasa wanaumwa. Na baba hajaamka?"

"Amechoka na safari," Yamna alijibu.

Aliniambia kwamba maneno yale yalipomtoka, aliyachukia papo hapo. Alirudi chumbani. Mimun alikuwa amekaa kitandani, amekunja magoti, na alikuwa amesikia yote.

"Umemsikia mtoto?" Yamna alimuuliza.

"Si Siham amesema ni ugonjwa wa shule?"

"Amesema hivyo kwa sababu hajui kwamba wewe unaumwa."

Mimun akageukia ukutani. "Nipe mpaka jioni," alisema. Sauti yake haikuwa ya mtu mkaidi tena. Ilikuwa ya mtu anayeogopa.

Kabla ya adhuhuri jirani wa chini alibisha hodi. Jina lake ni Nunja, mwenyeji wa Al Hoseima kwetu Moroko, muuguzi katika hospitali ya mji wa akina Fikri. Alileta keki kuwaamkia wageni, kama desturi. Aliketi, akauliza safari, akauliza hali ya mizeituni. Kisha akasema, "Na mzee yuko wapi nimsalimie?"

Siham akajibu, "Kachoka na safari, amelala."

Yamna alikuwa amebeba birika la chai. Akaliweka chini. "Hakuchoka," alisema. "Anatapika na kuharisha tangu kabla ya alfajiri, na mimi nimemfichia. Yeye na Tiziri wamekula sufuria moja. Mimi sikula, nilikuwa nimefunga, na mimi mzima."

Siham alimtazama mkwewe kama hamfahamu.

"Walikula nini?" Nunja aliuliza, naye amekwisha simama.

"Uyoga wa msituni."

"Lini?"

"Jana mchana."

Nunja hakupoteza muda. Alipiga simu ya dharura, namba 112, akaeleza kwa Kijerumani. Kisha akamgeukia Yamna. "Maganda na mabaki yako wapi?"

"Kwenye pipa la taka za jikoni."

"Lete yote. Usioshe kitu. Madaktari lazima wayaone."

Mimun alitokea mlangoni, ameshika ukuta. "Mpelekeni mtoto. Mimi nimeanza kupata nafuu. Sitaki kumwingiza mwanangu gharama."

"Mzee wangu, keti," alisema Nunja. "Ile bima mliyokatiwa kwa ajili ya viza ni ya siku kama hii. Na hata kama isingekuwepo, maiti ina gharama zaidi. Utakwenda, na utawaambia kila kitu ulichokila."

Fikri, aliyekuwa chini kwenye gari lake, aliitwa akaingia na funguo mkononi. Alimbeba binti yake, na gari la wagonjwa likawachukua.

Hospitalini daktari aliyatazama mabaki na kumwita mtaalamu wa uyoga, mama mmoja. Yule mama alikuta kipande cha shina kilichobaki na mfuko wake mweupe chini, ule mfuko unaojificha udongoni. Alitikisa kichwa. Ulikuwa uyoga wenye sumu inayoua. Mimun na Tiziri walipewa dawa ya mkaa wa kunywa, dripu za maji, na dawa ya kulinda ini kupitia mshipa.

Yamna alikaa kwenye benchi la nje ya wodi, na Nunja akakaa naye.

"Lakini kitunguu kilibaki cheupe," alisema Yamna.

"Kitunguu saumu hakijui sumu, mama. Wala pete ya fedha haijui. Wengine husema ukiona konokono ameula, nawe unaweza kula. Si kweli. Konokono na mtu si tumbo moja. Na uyoga huu ukiuchemsha, ukiukausha, ukiukaanga, sumu inabaki palepale. Una harufu nzuri na ladha nzuri. Hakuna kipimo cha jikoni."

"Mume wangu ameujua uyoga maisha yake yote."

"Anaujua wa kwenu. Huku umemea mwingine unaofanana nao. Huwapata hasa wanaojua, kwa sababu asiyejua hauokoti."

Jumatatu asubuhi Mimun aliamka hana kichefuchefu. Tumbo lilikuwa limetulia. Aliomba nguo zake. "Nimepona. Nirudisheni nyumbani."

Nunja, aliyekuwa zamu, alikuja kusimama kando ya kitanda. "Hujapona, mzee. Hapa ndipo sumu hii inapowadanganya watu. Kwanza hukaa kimya saa nyingi baada ya chakula. Kisha tumbo linachafuka. Kisha mtu anaona nafuu siku moja au mbili, anakwenda zake nyumbani, na ini linaharibika ndani bila yeye kujua. Damu yako imeonyesha ini limeanza kuumia. La Tiziri pia."

Mimun aliacha kutafuta nguo. Alilala chali, akafunika uso kwa mkono, na akalia. Yamna hakuwahi kumwona akilia, hata siku ya maziko ya mama yake.

Jioni ile Siham aliingia chumbani humo kwa mara ya kwanza. Hakuwa amelala. Alisimama miguuni pa kitanda.

"Baba," alisema, "uyoga nakusamehe. Ulitupikia kwa mapenzi, hukujua. Lakini mwanangu alikuwa anatapika chumba cha pili, na wewe ulikuwa unafungua bomba ili nisisikie. Ungesema neno moja tu, 'Siham, naumwa', ningejua kwamba si tumbo la shule. Tumempotezea Tiziri asubuhi nzima."

"Nilikuwa naona haya," alisema Mimun.

"Kwa nani? Kwangu?"

"Kwako. Nilitaka useme mkweo ni mgeni asiye na usumbufu."

Siham alifuta macho kwa kiganja. "Sikukualika mgeni, baba. Nilimwalika babu wa mwanangu."

Mzee alisogeza miguu, akampa nafasi ya kukaa kitandani.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Ini la Tiziri lilianza kupata nguvu mapema, kwa kuwa alikula kidogo na dawa ilimfikia kwa wakati. La Mimun lilikwenda chini, mpaka madaktari wakaanza kuzungumza habari ya kulibadilisha. Yamna alisali, Fikri alizunguka kwenye korido, Siham alileta supu ambayo haikunywewa. Kisha, polepole, damu ya mzee ikaanza kusafika. Daktari alisema jambo moja ambalo Fikri aliwatafsiria: kama wangengoja mpaka jioni, kama alivyoomba Mimun, asingeweza kuwaahidi chochote, si kwa mzee wala kwa mtoto.

Likizo iliishia hospitalini na kwenye kochi la Fikri. Walirudi Nador Mimun akiwa amekonda, koti linamning'inia.

Sasa sikilizeni, nyinyi mnaosoma. Waliotangulia walisema mficha maradhi, kilio humfichua. Ukiokota uyoga, usiokote mahali ambapo hukulelewa, na hata kwenu, ukiwa na shaka, acha. Ukila uyoga halafu tumbo likachafuka, hata kama ni kesho yake, nenda hospitali siku hiyohiyo, na mabaki mkononi. Ukiona nafuu, usirudi nyumbani mpaka daktari aseme. Na watu wawili wakiumwa baada ya kula chungu kimoja, msinyamaze. Hayo si maneno yangu, ni ya Nunja, nami nimeyaandika ubaoni darasani. Yamna ndiye aliyewasomea wenzake.

Mvua za kwanza zilipokuja mwaka huu, vijana walimfuata Mimun wapande naye mlimani. Alikwenda nao. Alimwonyesha kila mmoja jinsi ya kuchimba mpaka chini ya shina na kutafuta ule mfuko. Kila uyoga alioutilia shaka aliukanyaga. Mmoja akamcheka, "Mzee, umekuwa mwoga?"

"Ndiyo," alisema Mimun. "Nilikaribia kumzika mjukuu wangu kwa sababu ya haya. Uoga ni mwepesi zaidi kuubeba."

Siku hizi Siham humpigia simu kila Ijumaa, na swali lake la kwanza ni moja: "Baba, leo unaumwa wapi?" Zamani angejibu, "Mzima, alhamdulillahi," na kukata. Juzi nilikuwepo. Mzee alimwambia habari za goti, kisha mgongo, kisha jino la nyuma. Alichukua muda mrefu. Siham alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akampa simu Tiziri.