Sindano Isiyo na Dawa

Jeneza lilikuwa limeshaikaribia njia ya makaburini, wanaume wa Igogo wakipokezana begani mbiombio, Inspekta Chenge alipolisimamisha kwa mkono, kama trafiki.

"Afande, hata maiti mnamdai leseni?" mmoja akafoka.

Hakuna aliyecheka. Bashiru, mume wa marehemu, akatazama chini. Yeye ndiye aliyekwenda kituoni asubuhi ile kusema mkewe Nusrat ameuawa na sindano za hospitali. Nyuma akatokea mama wa marehemu, Bimdogo, anakimbia peku, khanga inaburuta.

"Mwanangu ameshaoshwa! Mwacheni aende!"

"Shikamoo mama. Pole sana. Daktari akishampima, atarudi."

Bimdogo akaling'ang'ania jeneza.

Chenge hakuwa na raha. Hospitali ile ilikuwa na kitengo cha tiba mbadala: vidonge vikishindwa, daktari anakuandikia ukachomwe zile sindano nyembamba za Kichina. Mama yake mzazi, saratani imeshaingia mifupani, alikuwa akichomwa huko. Siku akichomwa, analala. Asipochomwa, nyumba nzima hailali. Kitengo kikifungwa hana pengine pa kumpeleka. Angewaachia wenzake kesi ile, na ndivyo ilivyotakiwa. Hakuwaachia.

Mochwari, daktari alifunua bega la Nusrat.

"Pafu limetobolewa. Hewa imevuja kifuani, pafu likasinyaa. Amekata pumzi polepole."

"Sindano?"

"Sindano. Matundu mengine yote ni safi. Hili lina weusi."

"Uchafu?"

"Afande, huyu kaoshwa akatakata. Weusi umo ndani ya ngozi. Kama chale."

Tabibu aliyemchoma, Revocatus, alikuwa mahabusu, viatu mkononi.

"Unapaka nini kabla ya kuchoma?"

"Spiriti."

"Baadaye?"

"Sipaki kitu. Sindano zetu hazina dawa. Ndivyo wagonjwa wanavyonisumbua kila siku: dokta, mbona bomba la dawa silioni?"

"Bega ulichoma kina gani?"

"Juujuu tu. Chini yake kuna pafu, hata mwanafunzi anajua."

"Nani alikuwa naye?"

"Mama yake."

"Na wewe?"

Revocatus akaviweka viatu chini.

"Nakuuliza, ulikuwa wapi?"

"Chumba cha pili. Hairuhusiwi kumwacha mtu na sindano mwilini bila muuguzi, na muuguzi hakuwepo. Lakini kulikuwa na mgonjwa analia, afande. Analia vibaya."

"Mgonjwa gani?"

"Usiniulize hilo."

"Nimeshauliza."

"Mama yako."

Chenge akaifunika kalamu yake. Kisha akaondoka.

Bimdogo alikuwa kwenye mkeka, katikati ya wanawake wa msibani. Koplo Winnie akawaomba watoke. Chenge akavua viatu, akaketi chini.

"Mama, si lazima useme neno. Ukisema, litaandikwa. Ulimpaka nini binti yako?"

"Nani kasema nimempaka?"

"Ngozi yake."

Bimdogo akaukunja upindo wa mkeka, akaukunjua.

"Mwanangu alikuwa hawezi kunyanyua mkono. Mtoto wake analia, namwinua mimi. Nikaenda kwa mganga Kisesa, akanipa dawa ya kuchanjia. Nusrat akakataa chale. Eti mama, mimi natibiwa hospitali. Basi nimekaa pale naona tundu limeshatobolewa, sindano imesimama, na dawa hamna! Sindano bila dawa inatibu nini? Nikaichomoa, nikaipaka, nikairudisha. Nikaikandamiza, ifike kwenye ugonjwa."

"Hakupiga kelele?"

"Alikuwa amelala kifudifudi, hakuniona. Akasema, 'Dokta, hiyo imeuma.' Nikanyamaza. Nikafurahi, Mungu wangu. Nikasema imeuma, basi imefika."

"Mbona ulituacha tumfunge Revocatus?"

"Alipoanza kutweta nilijua ni mimi. Bashiru akauliza, nikamwambia ni sindano za hospitali." Akamtazama Chenge. "Wewe una mama? Ungemwambia mkwe wako nini?"

Chenge akaandika yote. Akaandika pia kwamba tabibu alitoka chumbani, na kwamba alitoka kwa ajili ya mama wa mpelelezi. Mstari huo angeweza kuuruka. Winnie alimwambia auruke. Aliuandika.

Nusrat alizikwa Igogo, wabebaji safari hii wachache. Bimdogo alikiri kuua bila kukusudia, akafungwa gereza la Butimba. Haongei na mtu. Revocatus aliachiwa na polisi, akanyang'anywa leseni, sasa anakaanga chipsi Buzuruga. Bashiru alioa, mtoto analelewa kwa shangazi yake Kirumba. Chenge alipewa onyo kwa kutojitoa kwenye kesi, akahamishiwa ofisi ya vielelezo. Kitengo kilifungwa, chumba kimejaa vitanda vibovu. Mama yake Chenge aliishi hadi masika. Hakulala.