Mbwa Waliokataa Kuamka

Saa mbili asubuhi ukungu-tiba ulishuka tena wodini, taratibu, ukawafunika mbwa ishirini na mmoja waliolala kwenye vitanda vyao vya chini. Haukuwa ule ukungu wa Mbeya unaoteremka mlimani na kuwafanya watu wagombanie makoti. Huu ulikuwa na uvuguvugu, na ndani yake zilielea chembetabibu, mashine ndogo kuliko vumbi. Mbwa alizivuta kwa pua, zikaingia mapafuni kukisaka kirusi cha homa. Chembe iliyojifunza kukiua kirusi hicho ilitoka na pumzi ya mbwa huyu, ikaenda kuzifundisha nyingine kwa mbwa yule. Homa ilikuwa imewaenea kwa pumzi, na dawa nayo ikawaenea vivyo hivyo.

Juu ya kila kitanda kulining'inia kioondoto, kilichoonyesha anachokiota mgonjwa. Daktari Tusekile alipenda kuvitazama, kabla kazi ya kupima damu haijambana. Siku za mwanzo kila mbwa alikuwa na lake: huyu mfupa, yule jalala, mwingine paka wa watu. Miguu ilitikisika usingizini na mikia ikapigapiga magodoro.

Sasa ilikuwa siku ya saba, na mambo yalikuwa yamekwenda kombo. Damu zao zilikuwa safi tangu siku ya nne, na kwa kawaida mbwa akipona huamka mwenyewe. Hakuamka hata mmoja. Sheria ya mji ilikuwa wazi: mbwa wa kuokotwa ambaye hajaamka hadi saa sita mchana wa siku ya saba, ukungu wake uzimwe. Na kwa kuwa chembe ndizo zilizowasaidia kupumua, kuzima ukungu kulikuwa kuua. Kidole cha kubonyeza kitufe cha kuuzima kilikuwa cha Tusekile.

"Dokta, hebu njoo uone," aliita Ambokile, fundi wa vioondoto, mtu mnene asiyeharakishwa na lolote. Leo alikuwa anahema.

Vioo vyote vilionyesha kitu kimoja. Ua uliofagiwa, jua la asubuhi, moshi wa kuni, na mama mmoja mwenye kitenge cha njano akichechemea kuelekea jikoni na bakuli mkononi. Aligeuka, akaita kitu, akacheka. Vioo havikuwa na sauti.

"Chembe zimebeba na ndoto," alisema Tusekile polepole. "Mmoja ameiota, wote wameambukizwa."

"Basi ndiyo maana hawaamki. Hata mimi nisingeamka. Hapa kuna nini?"

Neno hilo lilimchoma. Hapa palikuwa na mikono ya roboti, maji safi na namba. Mbwa wa karantini hapewi jina wala haguswi na mtu mpaka apone. Utaratibu huo aliuweka Tusekile mwenyewe, miaka minne nyuma, wakati homa ilipomwondolea mbwa arobaini kwa wiki moja, kila mmoja na jina lake. Alilia hadi wenzake wakadhani ataacha kazi. Namba hazililiwi, alijiambia, na kweli tangu siku ile hakulia tena.

Ambokile alikuwa bado amekodolea kioo macho. "Lakini huyu mama namjua, jamani! Si ndiye anayekuja getini?"

Wakafungua kumbukumbu za Bawabu, mashine iliyolinda lango. Mama alikuwa yule yule, kitenge kile kile. "Shikamoo, baba," alikuwa akiiambia mashine, maana hakujua aiamkieje. "Namtafuta mbwa wangu. Anaitwa Sajini."

"Hakuna Sajini kwenye orodha," ilijibu Bawabu kwa adabu zote.

Alikuja siku ya kwanza, akaja ya pili, ya tatu. Siku sita, mara sita, na mara ya sita hakuuliza, alisimama tu. Bawabu haikusema uongo. Kwenye orodha hapakuwa na jina hata moja.

Tusekile alimshika fundi bega. "Mfuate huyo mama, Ambokile. Kimbia, ndugu yangu, kimbia!"

Saa tano na nusu mama huyo, Bibi Subilaga, aliingia wodini amevalishwa barakoa, akichechemea vile vile alivyochechemea kwenye vioo. Tusekile alipiga goti kumwamkia. Bibi aliitikia bila kumtazama. Macho yake yalikuwa yakihangaika kitanda hadi kitanda ndani ya ukungu.

"Sajini!" aliita. "Sajini, we! Uji unapoa!"

Mbwa ishirini waliinua vichwa.

Ishirini! Wenye mabaka, weusi, mmoja asiye na sikio. Waliteremka vitandani wakiyumba, wakamjia mtu ambaye hawakuwahi kumwona, wakamlamba mikono, wakamzunguka miguu kwa vilio vya furaha. Siku kadhaa alikuwa amewalisha katika ndoto na kuwaita kwa jina hilo, na kila mmoja alijua kwamba yeye ndiye Sajini. Ambokile aligeukia ukutani akajifuta macho kwa mkono wa shati. Tusekile naye alikuwa analia, wala hakujificha.

Bibi aliwapapasa wote, lakini aliendelea kwenda hadi kitanda cha tisa. Mbwa mzee wa kahawia alikuwa amelala kiubavu. Mkia uligonga godoro mara moja. Kwenye kioo chake mama wa kitenge cha njano aliweka bakuli chini na kufungua mikono. Kisha kioo kikawa cheusi.

Tusekile alipima mapigo. Alipima tena. Kirusi kilikuwa kimemtoka kabisa, ila nguvu zilikuwa zimemwishia kwa kungoja. Siku tatu nyuma angeweza kuinuka.

Bibi aliketi sakafuni, akampakata Sajini, na wale ishirini wakalala kumzunguka.

"Siku zote sita nilikuwa pale nje," alisema hatimaye. "Nani aliamuru mbwa wangu asiwe na jina?"

Ambokile alifungua mdomo aseme ni mashine. Tusekile alimzuia kwa mkono, akaivua barakoa yake ili aonekane uso.

"Ni mimi, mama," alisema. "Ni mimi."