Neva ya Kwanza ya Aglaia

Hebu fumba macho kidogo, ulione jiko hili. Meza ina kitambaa cha mauamaua, kuni zinalia motoni, theluji imeganda kwenye kioo cha dirisha. Maziwa yamefurika sufuriani, yanaungua, na moshi wake mchungu umejaa chumba kizima. Katikati ya moshi huo amekaa msichana wa miaka tisa, anachora paka. Hageuki. Hakunji hata pua.

"Ilinca! Maziwa yanateketea na wewe umekaa tu kama gogo?" Mama yake, Smaranda, aliingia mbio akaitoa sufuria motoni.

Ilinca aliitazama sufuria kwa mshangao wa kweli. "Mbona hayanuki, mama?"

Smaranda alifundisha anatomia katika chuo cha udaktari mjini Iași, na nyumbani waliishi wawili tu. Kwanza alidhani ni mafua. Lakini pua ya mtoto ilikuwa kavu na safi. Basi akamfumba macho, akamziba tundu moja la pua, akamsogezea kahawa.

"Hii nini?"

"Hewa."

Akamsogezea kitunguu saumu kilichopondwa. "Na hii?"

"Hewa, mama. Unanitania?"

Hapo ndipo sauti iliposikika nyuma ya mlango wa stoo. Mtu alikuwa ananusa. Alivuta pumzi ndefu, akaishikilia, akaiachia taratibu, kama mtu aliyeinamia mkate wa moto baada ya kuukosa miaka mingi. Smaranda alifungua mlango. Hakukuwa na mtu. Ila kitambaa kilichofunika mkate kilikuwa kimekunjwa upande, vizuri, kwa mikono yenye adabu.

Ngoja nieleze polepole. Juu ya pua, chini ya ubongo, kuna mfupa mwembamba uliotobolewa kama chujio la chai. Nyuzi laini hupita katika matundu yake na kupeleka harufu ubongoni. Hiyo ndiyo neva ya kwanza ya kichwa, mshipa wa fahamu wa kunusa. Ya pili ni ya kuona. Ubongo ukitolewa kwenye fuvu, nyuzi za harufu hukatika, na hakuna anayelaumiwa, kwani ni laini kuliko utando wa buibui. Mara moja tu, baada ya kuumenya mfupa ule chembe kwa chembe kwa majuma mengi, Smaranda alizitoa zikiwa nzima.

Zilikuwa za Aglaia, mshonaji nguo, aliyeuahidi mwili wake kwa chuo akiwa bado hai. "Wafundisheni vijana," alisema, "ila mkimaliza mzike mwili wangu wote."

Na chuo kilikuwa na desturi yake. Kila mwili ulikuwa na ndoo yake, na kila kipande, hata chembe ya ngozi iliyofagiwa mezani, kiliingia ndoo hiyo hiyo. Kiangazi jeneza lilifungwa, wanafunzi wakawasha mishumaa, padri akasoma. Jeneza la Aglaia lilifungwa bila ubongo; huo, pamoja na nyuzi zake nzima, Smaranda aliutia katika chupa ya dawa. Dada yake, Tasia, alisogea akanong'ona, "Daktari, mwili wake upo wote?"

"Upo wote," alijibu Smaranda.

Chupa ile ilikaa ofisini kwake, karibu na dirisha. Wageni waliisifu, naye alitabasamu, na kila sifa ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Asubuhi iliyofuata Ilinca aliamka akisema, "Mama, washa taa."

Jua lilikuwa limeshajaa chumbani. Smaranda alichukua tochi, akammulika mtoto machoni. Mboni zilisinyaa kama inavyotakiwa. Akapitisha kidole kushoto na kulia, na macho yakakifuata bila kukosea.

"Unakiona kidole changu?"

"Sioni kitu, mama. Giza tupu."

Smaranda akaelewa kwamba macho yale yalikuwa mazima na neva zake zilikuwa zinafanya kazi, zinapokea mwanga na kuupeleka, ila hazikumpelekea mtoto, zilimpelekea mtu mwingine, na wakati akiwaza hivyo macho ya mwanawe yaliacha kidole, yakapanda polepole, yakatua usoni kwake na kumkazia, kama mtu mzima anavyomkazia macho aliyemdanganya.

Kila mwaka aliwafundisha wanafunzi neva za kichwa kwa mpangilio wake. Alijua baada ya kuona huja zipi: za kugeuza macho, za uso, za kusikia, za kumeza. Na alijua ile inayoshuka mpaka kwenye moyo.

Alivaa koti, akapitia ofisini akaificha chupa ndani yake, akamshika Ilinca mkono, wakaenda nyumbani kwa Tasia.

Tasia alifungua mlango, akaitazama chupa, akaketi.

"Mama Tasia, nilikudanganya," alisema Smaranda kwa sauti ndogo.

"Kumbe! Na ulinijibu bila kupepesa, bibie msomi." Tasia alijifuta uso kwa aproni. "Kila Jumamosi natoa mkate wa moto kwa jina lake, apate kula huko aliko. Kila Jumamosi ananijia ndotoni analalamika: Tasia, unanipa nini hiki? Hakinuki. Mimi nikadhani nakosea hamira!"

"Nisaidie. Anamchukua mwanangu."

"Hachukui, anaazima. Hana cha kwake, umekiweka dirishani." Akamwangalia mtoto, sura ikalainika. "Twende."

Ardhi ya makaburini ilikuwa ngumu kama chuma. Mchimba kaburi aliwasha moto juu yake kwanza, akilalamika, ndipo sururu ikaingia mpaka kwenye jeneza. Smaranda alipiga magoti, akaiweka chupa juu ya jeneza kwa mikono yake.

"Ulinipa mwili wako, Aglaia, nikakufanya kazi yangu nzuri. Nikasahau kwamba wewe ni mtu. Nisamehe."

Tasia aliumega mkate aliokuja nao na kuupasha kwenye makaa yale, bado ukitoa mvuke, akaweka kipande na mshumaa unaowaka mikononi mwa Smaranda. "Huu ni kwa ajili ya Aglaia."

"Mungu amrehemu," alijibu Smaranda, akala huku akilia.

Nyuma yao mtu alivuta pumzi ndefu, akaiachia. 

"Mama," alisema Ilinca, "mshumaa wako umezimika. Na mimi nataka mkate, unanukia!"

Jioni ile stoo ilikuwa kimya. Smaranda alimtolea mtoto blanketi la sufu kabatini. Ilinca akazika uso ndani yake, akanusa, akatabasamu.

"Lilinukia hivi hivi shali la dada yangu Tasia," alisema kwa sauti yake ile ile ya kitoto. "Siku niliyoolewa. Mvua ilitukuta kwenye mkokoteni, akanifunika nalo."

Kisha akageukia ukutani, akalala.

Smaranda alikaa kando ya kitanda, mkono juu ya nywele za mwanawe, asijue anazipapasa za nani. Nawe unapokwenda kulala, nakuomba ukumbuke jambo moja tu: mtu akikukabidhi mwili wake, mrudishie wote.